Daraja la Nne

Mchana natengeneza lifti za mji wa Oulu.
Nafungua kifuniko, napaka kamba za chuma grisi,
nasikiliza mota kama daktari anayesikiliza kifua.
Mtu anaingia chini na mfuko wa viazi,
anabonyeza saba, anatazama simu,
anatoka juu ni yule yule aliyeingia:
hakupanda, kapandishwa.

Alhamisi usiku, jikoni kwa Tuovi,
natandaza ramani juu ya kitambaa cha plastiki
na lifti sizitaki.

Tuovi huendesha mtambo wa kuzoa theluji;
mezani ni kasisi anayeponya kwa kutema mate.
Mirjami hufinyanga meno ya bandia,
huku ni mwizi mwenye vidole vinane.
Ensio hasemi sana, mezani wala nje ya meza.
Na Urho, mpwa wa Tuovi, miaka kumi na saba,
kaja na upanga na swali moja:
"Tutapanda daraja lini?"

Mwaka wangu wa kwanza nami nilikuwa na pupa.
Mlango, zimwi. Mlango, zimwi. Mlango, mazimwi mawili.
Dado zikamwagika kama mvua ya mawe kwenye bati,
alama zikajaa daftari,
na kufikia Februari wote walikuwa mashujaa wa daraja la kumi
wasiojua hata jina la punda wao.
Joka lilipokata roho, Ensio alipiga mwayo.
Mwayo ule ndio ulionifunza kazi.

Sasa napima.
Pambano la kwanza liwe dogo: panya ghalani,
mmoja acheke, mmoja atoke damu puani.
Bandu bandu, gogo la uhai liliwe,
chupa ya dawa ibaki moja kwa watu wanne,
kisha niwaonyeshe moshi ng'ambo ya mto.
Si adui. Moshi tu.
Wabishane nani akeshe zamu ya kwanza.
Tuovi anamimina kahawa, nami nanyamaza:
hofu ni unga wenye hamira,
ukiukandakanda hauumuki.

Usiku huo nilikuwa na mapambano matatu mfukoni,
yameandikwa nyuma ya risiti ya grisi.
Zimwi chini ya daraja la kamba. Mamluki sita. Kinu kinachowaka.
Halafu punda akagoma kuvuka.

Sikumpanga agome. Ni dado tu, lilitoa moja.
Saa nzima na robo tukamjadili punda!
Mirjami akamhonga karoti, Tuovi akamwombea,
Urho akasema mkateni kamba, mwacheni,
kisha, hakuna aliyemwambia,
akamfunika macho kwa skafu yake
akaanza kuvuka kinyumenyume, akimwongelesha,
akimwita Kaneli.

Katikati nikamwomba arushe.
Alihitaji kumi na nne.
Dado la pande ishirini likagonga kikombe,
likazunguka, likalala tatu.
Kamba ya kushoto ikakatika.

"Una mkono mmoja," nikamwambia. "Upanga au hatamu?"
Upanga ule unaowaka buluu,
aliousubiri wiki tisa.
Friji ikanguruma, ikazima.
"Hatamu," akasema,
upesi, kama mtu anayeitika jina lake.

Tulisikia chuma kikigonga maji. Naapa tulisikia.

Walipofika ng'ambo nikamsogezea penseli.
"Andika daraja la nne."
Akakodoa macho. "Sijaua kitu."
Ensio, yule asiyesema,
akaweka kikombe chini.
"Umelivuka," akasema,
akarudi kwenye kimya chake.

Ilikuwa saa tano kasoro, theluji ikianguka,
Tuovi aamke saa tisa kuizoa.
Tukakunja ramani.

Zimwi langu bado limekaa kule chini,
na alama zake arobaini na tano za uhai,
na rungu, na hotuba niliyolitungia yenye mistari kumi na miwili.
Linasikiliza mbao juu ya kichwa chake.
Halijui kwamba wameshapita.